Kikapu cha Malimbuko: Somo juu ya Mgeni na Mwenyeji Darasani

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 26, Musa awaagiza Waisraeli desturi moja ya wakati wa mavuno. Mkulima atwae malimbuko ya shamba lake, ayatie katika kikapu, akichukue mpaka mahali patakatifu, akikabidhi mikononi mwa kuhani. Lakini hana ruhusa ya kugeuka tu na kurudi kwake. Yampasa kunena maneno mbele ya Mungu, na maneno hayo hayaanzi na sifa za shamba, wala na jina kuu la ukoo wake. Yaanza na habari ya babu aliyekuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache, akakaa huko ugenini. Jinsi wazao wake walivyotumikishwa kwa ukali. Jinsi Mungu alivyowatoa na kuwapa nchi. Mavuno na masimulizi hutolewa pamoja.

Kikapu chenyewe si kitu kigeni kwa mkatekumeni wa kijijini. Naye huona mahindi, mihogo na samaki wakavu vikiletwa kanisani siku ya sadaka ya mavuno. Lililo gumu ni yale maneno. Mtu aliyezaliwa kijijini, ambaye kaburi la babu yake laonekana nyuma ya nyumba, aona ajabu kuambiwa aanze sala yake kwa kukiri kwamba jamaa yake ilitoka mahali pengine. Kwa nini Mungu alitaka hivyo? Kwa sababu alijua kwamba mtu mwenye shamba husahau upesi. Akisahau njia aliyopita, humwona mgeni mlangoni kama mtu wa namna nyingine kabisa.

Sasa lifikiriwe darasa la dini katika kijiji kimoja cha ukingo wa ziwa Tanganyika, upande wa Moba. Wamo watoto na watu wazima, wamekaa juu ya viti vya miti. Siku hizo wameingia wanafunzi watatu wapya, ndugu wa tumbo moja, ambao mama yao asema Kirundi na Kiswahili kidogo. Mwalimu ni mtu mwema. Anataka kuwafundisha wanafunzi wake ukarimu, akaona hao watatu wamemjia kwa wakati unaofaa. Amwita binti mkubwa, amwambia asimame mbele na kuwaeleza wenzake ametoka wapi na mambo gani yaliwapata njiani. Binti asimama. Anyamaza. Mwishowe asema neno moja tu, "Mbali," akaketi. Wenzake wacheka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hawakujua la kufanya. Kesho yake haji, wala wadogo zake hawaji.

Moyo wa mwalimu huyo haukuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba alimtwika mgeni kikapu peke yake. Wenyeji wote walikaa wakitazama, kana kwamba wao hawana safari yoyote ya kusimulia. Mtoto mmoja akafanywa somo la wengine. Tena yawezekana kwamba lile alilotakiwa kulisema ni jambo ambalo hata mama yake halitaji nyumbani. Aliyekimbia vita pengine ameona baba akiuawa, au amemwacha mdogo wake njiani. Mambo ya namna hiyo mtu humwambia amtakaye, saa aitakayo, naye ana haki kamili ya kutoyasema kamwe.

Njia njema yafuata mpango wa Musa: mwenyeji ndiye aanze. Na wenyeji wa ukingo huu wa ziwa wana mengi ya kusimulia, kama wakikubali kukumbuka.

Mission ya Mpala, iliyo kaskazini ya Moba, ilianza kama kituo cha Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mwaka 1885 kikaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa ikipita katika nchi hizi kuelekea ziwani, na wamisionari waliwakomboa watu kwa kuwalipia, wengi wao wakiwa watoto. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuja kukaa pwani hii ili awalinde watu wasikamatwe; alioa mwanamke wa nchi, wala hakurudi tena kwao, akafa hapa mwaka 1927. Waliokombolewa walikuwa wa makabila mengi. Wengine walichukuliwa wangali wadogo mno, hata hawakuweza kutaja jina la mto wa kwao. Hao walijengewa nyumba, wakapewa mashamba, wakafundishwa dini, wakaoana wao kwa wao na watu wa nchi. Lugha waliyoitumia kusikilizana ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuja na misafara kutoka pwani ya bahari.

Mwaka 1893 ilianzishwa mission ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville katika siku za Wabelgiji. Humo ndimo Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hizi za Marungu, alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akawa Mkongo wa kwanza wa zama hizi kuwa padri. Kanisa lililomzaa padri huyo halikuwa la kabila moja. Wajukuu wa waliokombolewa na wajukuu wa watu wa nchi walipiga magoti pamoja humo, na leo ni vigumu kusema nani mjukuu wa nani. Mkristu wa Mpala au wa Kirungu anaposema kwa majivuno kwamba yeye ni mwenyeji wa asili, yamfaa aulize kwanza kwa wazee wa nyumba yake. Pengine atapata babu aliyenunuliwa kwa vipande vya nguo.

Na ziwa halikukoma kuwa njia. Wamanyema walioifuata misafara katika karne ya 19 walikaa Ujiji, na wazao wao wako Kigoma hata leo. Waholoholo wako ng'ambo zote mbili. Katika vita vya mwaka 1964 na 1965, watu wa Fizi na Baraka walivuka kwenda Kigoma. Mwaka 1972 Warundi walikimbilia Uvira na bonde la Ruzizi. Mwaka 1996 Wakongo wengi walivuka tena, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao katika wilaya ya Kasulu, Tanzania. Mwaka 2015 Warundi nao wakaja Kongo, ikafunguliwa kambi ya Lusenda katika Fizi. Jambo hili lastahili kutazamwa polepole. Mwaka ule ule mmoja, mtoto wa Fizi alikuwa mkimbizi ng'ambo ya mashariki, na mtoto wa Burundi alikuwa mkimbizi katika Fizi. Kila mmoja alikuwa akila chakula cha kupimiwa, na kila mmoja alikuwa akiitwa mgeni na watu waliokuwa na ndugu zao upande wa pili.

Wako tena wasiovuka ziwa wala mpaka wa nchi, na hata hivyo wamefukuzwa. Katika jimbo la Tanganyika, hasa mwaka 2016 na 2017, ugomvi wa Batwa na Waluba ulichoma vijiji vingi, na watu wa pande zote mbili wakakaa katika vibanda kandokando ya Kalemie. Wazee wengi husimulia kwamba Batwa walikuwako msituni kabla ya wengine wote. Lakini mtoto wa Kitwa akiingia darasani, mara nyingi hukaa kiti cha nyuma kabisa, kana kwamba yeye ndiye aliyefika jana. Basi kufika kwanza siko kunakomfanya mtu apokewe.

Mwalimu aliye tayari kuyasema hayo yote darasani huyaleta kama historia ya kijiji chenyewe. Aweza kuchora ziwa kwa chaki ubaoni, au kwa kijiti mchangani, akaanza na ukoo wake mwenyewe: "Babu yangu alitoka upande huu, akapita hapa, akaoa hapa." Kisha awaruhusu wanafunzi wakawaulize wazee wao nyumbani, warudi juma lijalo na njia moja ya jamaa zao. Wenyeji waanze kuzichora. Wakiisha kuchora saba au nane, ubao umejaa mistari, wala hakuna mstari uliobaki mahali pamoja. Hapo mgeni akitaka kuchora wake, autie kati ya mingine. Asipotaka, aachwe atazame. Hakuna atakayeona kwamba amekosekana.

Mwalimu aweza kujifunza jambo hili kwa Boazi wa Betlehemu. Ruthu alikuwa Mmoabu, mjane, mtu wa taifa lisilopendwa, akaja kuokota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji. Boazi hakumwita mbele ya watu ili amwonyeshe kuwa yeye ni tajiri mwenye huruma. Aliwaambia watumishi wake kwa faragha waachilie masuke makusudi yaanguke, wala wasimkemee (Ruthu, sura ya 2). Ruthu akaokota kama mtu aliyefanya kazi yake, akarudi kwa mkwewe na shayiri aliyoichuma kwa jasho lake. Baadaye akaolewa na Boazi, akamzaa Obedi, babu wa mfalme Daudi. Na Mtakatifu Mateo amtaja kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu. Mwalimu amfanye vivyo hivyo mwanafunzi mgeni. Amkalishe karibu na mwenzake mpole anayejua lugha zote mbili, ampe kazi ya darasa kama wengine, kufuta ubao au kugawa vitabu, asimtangaze.

Majina nayo yana uzito. Mtu aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake, wala si kwa jina la kabila lake. "Wewe Mrundi, soma" si njia ya kumwita mwanafunzi, hata kama mwalimu anatabasamu. Neno "mkimbizi" ni neno la kweli na halina aibu, kwa maana lasema lililompata mtu. Lakini halisemi yeye ni nani, tena laweza kuisha siku moja. Yako maneno mabaya zaidi. Huko Katanga, watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi baba zao waliletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli, na ambao wengi walizaliwa huko huko, walikuwa wakiitwa kwa jina la wadudu. Mwaka 1992 na 1993 walifukuzwa kwa maelfu, wakalala katika vituo vya gari-moshi, na wengi wakafa. Jina lilikuwa limetangulia. Mwanafunzi anayemwita mwenzake mdudu kwa mzaha hajui anacheza na moto gani, na mwalimu anayesikia na kunyamaza anajua.

Uvumi ni ndugu wa jina baya. Mwezi wa Agosti 2007 ulienea katika Moba uvumi kwamba wakimbizi Wanyamulenge walikuwa karibu kuletwa humo. Umati ukaondoka kwa hasira, ofisi za Umoja wa Mataifa zikashambuliwa, watu wakajeruhiwa. Jambo hilo lilitokea pwani ile ile ambako waliokombolewa walipewa nyumba na mashamba. Lafaa kuelezwa darasani bila kumlaumu mtu yeyote kwa jina, na bila kuwageuza Wanyamulenge kuwa mada ya mabishano, kisha mwalimu aulize: Nani aliiona mashua? Nani alimhesabu hata mtu mmoja? Maswali mawili kama hayo yangalitosha kumrudisha mtu nyumbani siku ile.

Mara nyingi mwanafunzi mmoja hutoa mithali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia kwa kumsukuma mgeni aondoke, kana kwamba jembe ni fimbo. Lakini mithali itazamwe vizuri. Anayefukuzwa hapewi jembe. Anayepewa jembe ameonyeshwa na mahali pa kulima, amehesabiwa miongoni mwa watu wa kazi, na wakati wa mavuno atakuwa na fungu lake. Mithali hii yaenda pamoja na ile nyingine isemayo: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo mkulima mmoja darasani atauliza swali lake, na swali hilo si la kudharauliwa: "Na shamba je? Kijiji chetu ni chembamba, kati ya mlima na maji. Wakija nyumba arobaini, watoto wangu watalima wapi?" Mwalimu asijibu upesi kwa maneno matamu. Ardhi ni jambo la kweli, na watu wameuana kwa ajili yake. Mipaka ya mashamba hupatanishwa na chifu, na wazee, na baraza, wala darasa la dini halina mamlaka ya kugawa ardhi. Papa Yohane wa 23 alifundisha katika barua yake *Pacem in Terris*, mwaka 1963, kwamba mtu ana haki ya kukaa katika nchi yake na kusafiri ndani yake, na kwamba kwa sababu za haki aweza kuhamia nchi nyingine. Fundisho hilo halifuti ugumu wa kijiji chembamba. Lakini lakataza jambo moja: kulijibu swali la shamba kwa kumtoa mgeni katika hesabu ya watu. Mabishano ya mpaka wa shamba yana mwisho, maana pande zote mbili zakaa chini kusikilizwa. Asiyehesabiwa kuwa mtu hakalishwi chini.

Wakatekumeni wana sababu yao ya pekee ya kulielewa somo hili. Kwa desturi ya kale ya Eklezia, mkatekumeni husikiliza masomo na mahubiri, kisha hutoka kabla ya sadaka. Yu ndani, na bado hajafika mezani. Ajua maana ya kusimama nje na kusikia wengine wakiimba. Lakini Eklezia haimwiti mtu wa nje. Sheria za Eklezia za mwaka 1983, katika kanuni ya 206, zasema kwamba wakatekumeni wameungana nayo kwa namna ya pekee kwa hamu yao ya kuingia, na kwamba Eklezia yawatunza tangu sasa kama watu wake. Mkatekumeni akifa kabla ya ubatizo, azikwa kwa sala za Eklezia kama muumini (kanuni ya 1183). Yaani yeye ni wa nyumba hii kabla hajaketi mezani. Ndiyo namna ile ile ambayo mtoto mgeni ni wa darasa kabla hajajua lugha ya darasa.

Katika vita yatokea mara nyingi kwamba vitabu vya parokia vimeungua, na karatasi za watu zimepotea majini. Yafuatayo yafaa kujulikana na kila mmoja, na kufundishwa wazi.

Swali: Mkatekumeni aliyekimbia, naye alikuwa amekwisha kupokelewa katika mission nyingine, yampasa kuanza tena kana kwamba hajasikia kitu?

Jibu: La. Jina lake liliandikwa katika kitabu cha wakatekumeni, kama sheria iagizavyo (kanuni ya 788). Kitabu kikipotea, aliyopokea hayakupotea. Amweleze padri au katekista wa mahali alipofika, naye ataangalia amefika wapi katika mafundisho, na kumwendeleza kutoka hapo.

Swali: Na Mkristu asiye na cheti cha ubatizo?

Jibu: Kanuni ya 876 yasema kwamba, kama hakuna mtu atakayedhurika, ushuhuda wa mtu mmoja mwaminifu watosha, na kama alibatizwa akiwa mtu mzima, kiapo chake mwenyewe chatosha.

Swali: Je, mgeni asiyetaka kusema alikotoka amesema uwongo?

Jibu: Hapana. Kunyamaza si kusema uwongo. Injili yatueleza kwamba Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri. Haisemi neno hata moja juu ya mambo waliyoyaona huko, wala jina la mji walimokaa.

Papa Pio wa 12, katika hati yake *Exsul Familia* ya tarehe 1 Agosti 1952, aliiita Familia hiyo ya Nazareti katika Misri kuwa mfano wa kila jamaa ya wakimbizi. Mtu aliyewapangisha chumba huko hatajwi. Hakujua alimpokea nani; aliona mwanamume fundi mwenye vumbi la safari, mwanamke kijana, na mtoto aliyelala.

Yule binti wa darasa la Moba aliitwaje kurudi? Mwalimu mwenye busara hangemtuma mjumbe na kiboko, wala hangengoja Jumapili amtaje kanisani. Angekwenda mwenyewe jioni mpaka kwa mama yake, angeketi alipoonyeshwa, angekula kidogo alichopewa, hata kama ni kidogo sana, maana kukataa chakula cha maskini ni kumwambia kwamba hana kitu. Angesema, "Nilimkosea mtoto wako mbele ya wenzake." Si walimu wengi wawezao kutamka hayo. Na akiisha kuyatamka, angetaja kwamba Jumatano wanafunzi watachora njia za babu zao, yeye mwalimu akiwa wa kwanza, na kwamba darasa lahitaji mtu wa kugawa chaki.

Agizo la Musa juu ya kikapu halikuishia kwenye maneno ya mkulima. Mstari wa 11 wa sura ile ile waongeza karamu. Baada ya kuweka kikapu chini na kusujudu, mkulima afurahi kwa mema yote aliyopewa na Mungu, yeye na nyumba yake. Na pamoja naye waketi kula Mlawi asiye na shamba, na mgeni akaaye katikati yao.